Jitu Limeanguka

Uvira, Jumapili usiku

Pascal, mdogo wangu,

Limeanguka! Jitu lile la mchezo wa simu, lililotaka kubomoa kijiji ulichokijenga humo, leo tumelishinda.

Tangu risasi ikuchukue shambani, siwezi kuingia uwanja wa mchezo ambamo wachezaji wanauana. Binamu yetu Bahati, ambaye kama wewe huniita yaya kwa kuwa mimi ni mkubwa wenu, alinicheka tena. "Yaya, weye iko na woga! Njoo tupigane."

Nikamjibu, "Miye sitaki. Vita iko hapa nje tayari. Tulinde kijiji cha Pascal."

Akakaa karibu yangu.

Kijana mmoja wa Bujumbura, asiyetujua, akajiunga nasi mchezoni. Bahati alipomwandikia kwamba mwenye kijiji amefariki, kijana huyo aliweka kwanza mzigo wa kuni mlangoni pa nyumba yako ya mchezoni, kama tunavyofanya kwenye kilio. Ndipo tukalipiga jitu, watatu pamoja, mpaka likalala chini.

Bahati alipiga kelele hata mama jirani akaja mbio. "Vita imefika?"

"Hapana, mama! Tumeshinda!"

Akatushangaa, kisha akacheka nasi. Sijacheka hivyo tangu...

Nyumba yako imesimama. Huko uliko, nikumbuke na mimi, yaya wako.