Mbao Nane za Mgrevelia wa Baba

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu umeshuka tangu asubuhi na umegoma kuondoka. Nguo nilizoanika juzi bado mbichi. Mimi mwenyewe sina amani.

Nikiri kabisa: mimi ni mtu wa kushuku. Hata nikirudishiwa mwavuli niliomwazima mtu, naukagua kwanza ndipo niseme asante.

Mama anahamia kwangu Jumanne kutoka Bulwa. Nyonga inamsumbua, na kile kitanda chake kifupi kinamtesa kila akitaka kuinuka. Ameomba kitu kimoja tu: kitanda cha kimo kizuri, kilichotokana na mgrevelia alioupanda marehemu baba mbele ya nyumba. Upepo wa masika uliuangusha. Tukaupasua, zikatoka mbao nane, nikazileta hapa Lushoto kwa fundi Hoza.

Mti mwingine wa baba hakuna.

Dada mmoja ninayefanya naye kazi aliwahi kumpelekea fundi mwingine mbao za mninga, akaletewa kabati la paini lililopakwa rangi. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa hiyo kabla sijazikabidhi mbao zangu, nilichukua msumari nikachora mkato mdogo kwenye ncha ya kila ubao. Sikumwambia mtu. Nilijiona mjanja kweli.

Kisha zikaanza zile kesho za mafundi. "Mbao bado mbichi, dada. Kwa ukungu huu zitakauka saa ngapi?" Wiki ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Nikawa namtangaza kazini kwamba ni tapeli. Ndiyo, kwa jina.

Leo nimekwenda karakana bila taarifa. Mbao zangu hazipo.

"Ziko kwa mama yangu, juu ya mafiga," amesema Hoza, randa haijasimama mkononi. "Moshi ndio unaozikausha."

Nilicheka kwa kebehi. Mbao za watu zitundikwe jikoni kama mahindi ya mbegu? Nikamwambia anipeleke saa hiyo hiyo.

Tumepanda kilima, yeye mbele, mimi nyuma. Nimeingia jikoni kwa mama yake macho yakiwa juu, hata shikamoo sikutoa. Ni yule bibi, mwembamba, kaketi karibu na moto, aliyeanza kunisalimu mimi kwa Kisambaa: "Onga mshi, mwanangu." Naona aibu hata kuiandika.

Mbao zilikuwa juu ya uchaga, nyeusi kwa masizi. Nikazihesabu. Nane. Mtu mwingine angeridhika. Mimi nilipanda juu ya kigoda, nikatoa ufunguo, nikaanza kukwangua masizi nitafute mikato yangu. Ubao wa kwanza, upo. Wa pili, upo. Nikaenda hivyo hadi wa nane, mbele ya mama wa mtu, jikoni kwake.

Yote ipo.

Nilipogeuka, fundi alikuwa ananitazama. "Kumbe uliziwekea alama tangu siku ile ya kwanza?"

Nikashuka kigodani. Bibi akasema taratibu, "Kuni nachochea mie kutwa, mwanangu. Nimeambiwa ni za mama mgonjwa."

Hoza akazishusha mbao moja moja, akazipanga nje. "Zimekauka, dada. Jumatatu ningekuwa nimemaliza. Sasa mtafute fundi unayemwamini."

Nimezirudisha nyumbani kwa kirikuu cha kukodi. Sebule nzima inanuka moshi. Na bado, Mungu anisamehe, kuna sauti inaniuliza: amekasirika kweli huyu, au anataka tu nimbembeleze? Moyo huu sijui nani alinipa.

Jioni mama amepiga simu. Hakuuliza habari zangu, ameuliza kitanda.

"Kipo tayari, mama," nimemjibu. "Fundi amemaliza."

Akafurahi hadi sauti ikamtetemeka. Akasema kitu cha kwanza atakachofanya akifika ni kunishika mkono nimpeleke kwa huyo fundi, amshukuru mwenyewe kwa kuutunza mti wa mumewe.

Nimemwambia sawa.

Mwezi mzima nimewinda mwongo Lushoto hii. Kumbe ananywa chai sebuleni kwangu.

Kesho kukipambazuka napanda tena kile kilima, naanza na bibi kabla ya mwanawe. Wakiniona nakuja, watanifungulia mlango?