Tundu la Bibi

Dada Agnes, nakusalimu kutoka Likasi, mikono ikiwa imekunjamana kwa baridi ila tumbo limejaa bukari, ugali wetu wa huku, na samaki wa ziwa Tshangalele.

Unakumbuka kitambaa cha meza alichofuma bibi yetu? Panya wamekula nusu nzima. Jana Béa, binti wa mama mkubwa, alikipiga picha kipande kilichobaki na kukiingiza kwenye kompyuta. Programu yake haina yale maandishi ya kutisha ya kuiamuru kompyuta, ina visanduku vya rangi tu, unaviburuta na kuviunganisha kwa nyuzi. Kisanduku cha kwanza kiligeuza maua kuwa jedwali la namba, matrisi: moja ni uzi, sifuri ni tundu. Cha pili kikaligeuza kama kwenye kioo, cha tatu kikaunga pande mbili. Dada, kitambaa kikakamilika mbele ya macho yangu! Nilipiga makofi peke yangu.

Mama mkubwa akatikisa kichwa. "Ile haiko ya mama. Huku kwa pembe yenye panya walikula, alikuwaka anaacha tundu moya. Sirene ya kiwanda ya Shituru ikilia, anainua macho, anaangalia njia kama bwana yake, papa, anarudia ku kazi."

Béa akarudi kwenye jedwali. Akatafuta moja ya pembe ile, akaifanya sifuri.

Mama mkubwa akasogea, akaweka kidole kwenye skrini. "Njo yeye, mama," akasema taratibu.

Sasa mama mkubwa anakufumia kitambaa chako kwa kufuata picha hiyo. Nibusie watoto, na tafadhali, lile tundu usilizibe.

Mdogo wako, Rehema