Haukuwa Upupu wa Magamba

Halafu ule upupu, Yohana mpenzi wangu. Haukuwa upupu hata kidogo! Tangu jana siketi. Maharage yameungua, na kila basi linapopanda kutoka Soni natoka nje kama vile utashuka wewe.

Unaikumbuka siku ile? Nilikuwa bado mchumba wako, na mafigo yako mwenyewe ndiyo kwanza yameanza kukusumbua. Asubuhi ulikwenda hospitali ukachomwa ile dawa ya kuonyesha figo kwenye picha, kisha ukaja kwetu Magamba kwa njia ya msituni, kwa sababu hukuweza kungoja Jumapili kuniona. Ulifika umevimba kope, unajikuna, sauti imekauka. Mama akasema papo hapo, "Upupu huo! Leteni majivu." Akakupaka uso mzima. Dada yako Mariamu, aliyekuwa amekuja kutusaidia kuvuna, alicheka mpaka akakaa chini: "Kaka, umeona mchumba ukavimba kwa furaha?" Nawe ukanitazama kwa macho yako mawili madogo ndani ya majivu, ukatabasamu. Hapo ndipo nilipojua kwamba sitaolewa na mwingine.

Baadaye mlipelekwa Ulaya, wewe na Mariamu, mkarudi yeye ana figo moja na wewe unalo lake. Watu walininong'oneza nisiolewe na mgonjwa. Mgonjwa gani, aliyecheza harusini hadi viatu vikaachama! Na wifi yangu akanishika mkono mbele ya wageni: "Mume ni wako, lakini figo ni langu. Ukizidisha chumvi, umenitilia mimi." Mpaka leo nikishika chumvi namsikia.

Jana barua yako ilipofika nilimsomea Mariamu akichambua maharage. Nilisoma kwamba daktari wa hapo Dar es Salaam anahofia mrija wa figo umeziba, anataka kukuchoma dawa ile tena apate picha. Nikasoma: "Ameniuliza kama iliwahi kunidhuru, nimemwambia hapana." Mkono wa Mariamu ukasimama kwenye ungo.

"Wifi, siku ile ya majivu kaka alitoka wapi?"

"Hospitali," nikasema.

Kumbe ni ile dawa! Upupu huwasha pale ulipogusa, mume wangu. Wewe ulivimba mpaka tumboni, chini ya shati lililofungwa vifungo vyote. Na majivu ya Mama, ambayo huwatuliza watu wote wa msitu ule, kwako hayakufaa kitu.

Nilikimbia posta nikapeleka telegramu: usichomwe dawa, kwanza mwambie daktari ulivimba. Karani akauliza, "Dada, na hili 'nakupenda' nalo niliingize?" Nikamwambia aliweke mwisho, lakini aliweke.

Unaniuliza uamue nini. Ningejua, ningekujibu kwa neno moja. Nikifikiri dawa ile inakuvimbisha koo, nataka ukatae. Umeandika pia kwamba daktari mwenyewe amekuonya dawa hiyo huweza kulichosha figo, na wewe huna la akiba. Nikigeuka upande wa pili, naona figo la Mariamu linaharibika kimyakimya kwa mrija ulioziba, kwa kuwa sisi tuliogopa picha. Nimezunguka hivyo tangu jana, na kwenye foleni ya sukari leo nilipitwa na watu wawili nikiwa nimesimama tu.

Kwa hiyo sikuambii kataa wala kubali. Nakuomba umweleze yote: kope, sauti, tumbo, hata majivu, usione haya. Muulize kama ipo njia nyingine ya kuutazama mrija huo. Muulize kama unaweza kungoja huku wakikupima damu na mkojo. Na kama hakuna njia ila hiyo, muulize atakukinga vipi usivimbe, na kama unywe maji kabla ya picha au usinywe. Nakujua, mpenzi wangu. Mtu akivaa koti jeupe wewe husema "ndiyo, daktari" kabla hajamaliza swali. Safari hii mwache amalize, kisha umuulize la kwako.

Mama yako amepokea shikamoo yako, anasema marahaba na anakuombea kanisani. Nimekuwekea mapeasi yaliyo magumu kidogo, yasipondeke njiani. Nilale vipi kitanda kizima peke yangu, mimi niliyezoea kusukumwa ukutani?

Mariamu anafunga mzigo tayari. Anasema figo lake haliwezi kujadiliwa na watu yeye hayupo. Nami nasema mume wangu vilevile. Ukiwa umepigwa picha au hujapigwa, kabla mwezi huu haujaisha utatuona sote wawili mlangoni pa wodi yako, na nitakutazama kope kwanza.

Mkeo, ambaye bado hajalizoea neno hili tamu,
mkeo.