Mama Kashushwa Timu ya Tatu

Lusungu,

Nimetangulia Itungi na timu ya tatu, mechi yetu ya mpira wa pete ni saa mbili. Chai ipo kwenye chupa. Mwambie baba yako ageuze kakao mkekani, na wingu likitanda aifunike kabla ya kwenda kuwatazama ninyi mkicheza na Kasumulu.

Orodha ya timu nimeiona. Nilikuwa napiga pasi jezi yangu ya timu ya kwanza, nawe uko jikoni, hatua nne tu, unakoroga uji. Ukaituma kwenye grupu la klabu, watu sitini wakasoma kwamba nahodha kamshusha mama yake. Kisha ukaenda kuchora mistari ya uwanja. Lucy wa timu ya tatu akanipigia hapohapo: “Mama Lusungu, karibu huku kwetu, tunakimbia kwa zamu!” Nikacheka. ~~Sikuudhika.~~ Niliudhika, ndiyo maana sikukusubiri.

Kukosea hukukosea. Goti langu halifai tangu Pasaka. Ila miaka kumi na moja nimefunga pale mbele, na jambo kama hilo mtu humwambia mama yake kwa mdomo. Jioni uniambie, tukiwa wawili. Nitajifanya ndiyo kwanza nasikia.

Jezi iko kitandani kwako, mpe Atuganile uliyemweka mahali pangu. Mwambie kwamba yule mlinzi mrefu wa Kasumulu huruka mapema. Ajifanye anarusha, amwache ashuke, ndipo afunge. Hilo sijawahi kumwambia mtu.

Mama