Kiganja Chako Ukutani Kibugu

Mama mpendwa,

Huku Kibugu kuna baridi, lakini nimepewa chai moto na nduma za kuchemsha. Mbunge ametumia pesa za eneobunge kuhifadhi lile darasa la udongo ulilosomea, kwa sababu liko kijijini kwao, ilhali zahanati jirani bado haina paa. Nilimwambia mlinzi wa darasa, mama wa rika lako, kwamba huo ni upendeleo mtupu.

"Ni kweli, mwanangu," akasema, "lakini ingia kwanza."

Kwenye ukuta mlioukandika kwa mikono mkiwa wasichana, nikaona alama ya kiganja chenye kidole cha mwisho nusu, kama chako.

Bado nasema zahanati ingetangulia. Lakini niliweka mkono wangu juu ya wako, nikachelewa kuutoa.

Jifunike vizuri usiku,
Wawira wako