Uzi Uliopita Puani

3 Machi. Mwaka wa ishirini na tisa tangu niondoke nyumbani.

Mwanangu,

Hujambo? Mama yako je? Mimi sijambo, ukiacha kikohozi, ambacho sasa ni mwenyeji humu chumbani kuliko mimi.

Umeniuliza kama ufunge milango ya karakana mvua ikinyesha. Usifunge. Ule ukungu wa njano unaopanda kwenye tangi la kromu, ile dawa ya kung'arishia vyuma, unanitia wasiwasi. Unakumbuka nilivyokuandikia zamani, kwa majigambo, kwamba hapa kiwandani mtu haitwi fundi mpaka apitishe uzi tundu moja la pua utokee la pili? Ukungu ulitutoboa ukuta wa kati wa pua bila kuuma. Tulicheka, tukanunuliana chai. Juzi daktari kaniuliza nani mwingine katoboka. Nikamwambia: sote. Hakucheka. Kanipiga picha ya kifua.

Pua yako ikoje?

Baba yako

19 Aprili

Baba,

Shikamoo. Huku wazima, hofu ni juu yako. Ila madaktari nao, wasipotisha watakula nini?

Kazi inakwenda. Vipimo vya dawa ulivyoniandikia nimevibandika juu ya tangi, mwandiko wako ule ule. Bampa zangu mtu anaweza kujitazamia akanyoa ndevu. Kuhusu pua, nilitaka nikuonyeshe ukija: uzi umepita tangu mwaka juzi. Mtoto wa nyoka, Baba!

Chumba chako nimekipaka rangi. Unakuja lini?

Mwanao

8 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeanza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Ni saratani ya mapafu. Pale tangini tulikuwa saba, nimebaki mimi. Kila tulipozika tulisema ni sigara, na yule tuliyemwita Jenerali hakuwahi kuvuta hata moja.

Funga karakana. Bandua ile karatasi. Nenda hospitali, waambie kazi unayofanya na miaka uliyoifanya. Usiende na mzaha.

Baba yako

30 Juni

Baba,

Shikamoo. Umeamkaje?

Nimefunga. Karatasi imekataa kubanduka, nimeikwangua kwa kisu. Wamenipiga picha, kisha wakarudia. Wamesema nikirudi kusikia majibu nije na mtu wa nyumbani. Mama sijamwambia. Naahirisha kila wiki, nakungoja. Njoo twende wote.

Mwanao

11 Agosti

Mwanangu,

Marahaba, baba. Hali yangu usiulize.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa najaribu. Nimefunga sanduku, nikashuka nalo ngazi. Jirani kanikuta nimelala kwenye ngazi ya nne, kanirudisha juu mgongoni. Ninaandika mistari miwili, napumzika.

Usiningoje tena. Nenda na mama yako, kesho. Kabla hamjaingia kwa daktari mwambie mama ukweli: kwamba vipimo vilikuwa vya mkono wangu, na ule uzi ni mimi niliyekufundisha kuutamani. Atanilaani. Mwache anilaani.

Chumba kipangishe.

Sitarudi.

Baba yako