Mama Mapacha wa Mtaa wa Juu

Jumatatu, 3 Machi

Leo mheshimiwa mmoja amesema redioni kwamba vijana hatuna kazi kwa sababu tunachagua kazi. Alikuwa mita mbili tu kutoka nilipokaa, anakunywa chai niliyompelekea mimi. Diploma miaka mitatu, mwaka wa pili sasa wa "kujifunza kazi" hapa kituoni, na kazi niliyoichagua ndiyo hiyo — chai, na kupanga meseji za wasikilizaji ili mtangazaji azisome. Nilitaka kumwambia hayo yote. Nikamwambia, "Sukari iko pembeni yako, mheshimiwa."

Ndiyo maana naandika humu. Nina maoni juu ya kila kitu na hakuna anayeyaomba. Watu wanaorekodi ajali kwa simu badala ya kumtoa majeruhi garini — nina maoni. Shule inayomfukuza msichana mwenye mimba na kumwacha mvulana aendelee na hesabu zake — nina maoni, tena makali. Kaka anasema mimi simba wa jikoni, nje paka. Nilimnyima maandazi, lakini hakukosea.

Jumanne, 4 Machi

Hoja ya leo kipindi cha asubuhi: halmashauri inataka kuifunga wodi ya wazazi kwenye zahanati yetu. Wajawazito wote waende hospitali kuu, ng'ambo ya mji. Wodi ya mama! Mama ni mkunga pale, huu mwaka wa ishirini na mbili. Nusu ya watoto wa mitaa hii, mikono ya kwanza kuwashika ni yake.

Maoni yangu: ni upuuzi. Uchungu haungoji foleni ya magari. Waliopanga mpango huu hawajawahi kubeba hata mtungi.

Mtandao ulisumbua asubuhi yote. Zikaingia meseji nne tu, na zote zinapinga. Mhariri hapendi hivyo. Ana sheria yake: kila hoja iwe na wa ndiyo na wa hapana, la sivyo tutaambiwa tumeegemea upande. Na wa ndiyo akikosekana? "Tia maji," akaniambia, hata hakuinua macho.

Kutia maji, kwa lugha ya hapa, ni kumtunga msikilizaji. Wote wametia. Fundi mitambo ana wake, Mzee Tuliza, yuko hewani mwaka wa tatu na watu humtumia salamu za sikukuu.

Basi nikatia. Dakika tano tu. "Mimi Mama Mapacha wa Mtaa wa Juu. Nilijifungua hapo gizani, mkunga ananimulika kwa tochi ya simu. Mpaka leo nikikumbuka natetemeka. Waifunge." Mtangazaji wetu tunamwita Kinanda kwa ajili ya ile sauti yake. Akaisoma kwa majonzi mpaka mimi mwenyewe nikamwonea huruma huyo mama.

Ile tochi sikuitunga. Mama alinisimulia mwaka jana tukiosha vyombo. Umeme umekatika, jenereta haina mafuta, akaibana simu kwa meno na kumtoa mtoto salama. Alisimulia akicheka, kwa fahari. Mimi nimeichukua fahari yake nikaigeuza. Lakini ni meseji moja, kesho watu wana mengine.

Alhamisi, 6 Machi

Hawana mengine. Sauti ya Kinanda imekatwa na kusambazwa kwenye magrupu yote. Kwa msusi leo nimesikia wateja wawili wakibishana kama mapacha wa Mama Mapacha ni wa kike au wa kiume. Mwenye duka la dawa anaapa anamfahamu, eti kahama kwa aibu. Njia ya mwongo ni fupi, walituambia. Yangu imepanda gari.

Mchana mwenyekiti wa halmashauri kawaambia waandishi: hata akina mama wenyewe wanatuomba tufunge. Akina mama wenyewe! Ni mimi, nimekaa karibu na birika.

Maoni yangu: viongozi hawadanganywi. Wanasubiri uongo unaowafaa, ukipita wanaudaka.

Nikamwendea Mhariri. Nikamwambia tuseme ukweli, hata kwa sentensi moja. Akafunga mlango taratibu. Akasema ukikiri uongo mmoja utaulizwa mingine ni mingapi, na hapo itakayofungwa si wodi, ni redio, na watu kumi na wanne warudi nyumbani. Kisha akasema mwezi huu anapeleka jina langu kwa ajili ya ajira. "Wewe ni binti mwenye akili," akaongeza. Nikatoka na akili zangu.

Ijumaa, 7 Machi

Mama hakula. Msimamizi wa zahanati kamhoji mbele ya wenzake: nani huyo, lini, kwa nini hukuandika ripoti? Kajibu kwamba tochi ilitumika mara moja tu, na yule alijifungua mtoto mmoja, wa kiume, kilo tatu.

Halafu akiwa anavua viatu akaniuliza, kama anajiuliza mwenyewe, "Au zilikuwa mara mbili?"

Jumapili, 9 Machi

Jana ilikuwa siku yake ya mapumziko. Akaenda zahanati, akafungua madaftari ya kuanzia mwaka wa kwanza, akanakili jina la kila aliyejifungua mapacha kutoka Mtaa wa Juu. Kumi na mmoja. Leo tangu asubuhi kawapitia wote nyumba kwa nyumba, na kaka kamsindikiza. Mimi nilisema ninaumwa kichwa. Kilikuwa kinauma kweli, lakini si kwa sababu niliyosema.

Karudi miguu imevimba. Kaka anasema kila nyumba walipokewa vizuri. Walipewa soda, wakaonyeshwa mapacha, wengine wana ndevu sasa. Mmoja kamshika mama mikono, kamwambia, "Dada, bila wewe hawa wangekuwa hadithi." Hakuna aliyetuma meseji. Hakuna anayemjua aliyetuma.

Mimi ningefurahi. Yeye hakufurahi hata kidogo. Alikaa kitandani, nikamkanda miguu kwa maji ya chumvi.

"Nimemsahau mtu, mwanangu," akasema. "Kazaa mikononi mwangu, kaogopa, na mimi simkumbuki hata sura. Mkunga akianza kusahau, akae nyumbani."

Nikamwambia watu huzusha, mama. Kila siku huko redioni watu wanazusha.

"Tochi haizushwi. Hiyo anaijua aliyekuwepo."

Nami sikuwepo. Nilikuwepo kwenye vyombo, nimeshika kitambaa, na yeye ananisimulia mimi peke yangu. Hajalifikiria hilo kabisa. Kapitia wanawake kumi na mmoja, kashuku uzee na kichwa chake, na mtu anayemkanda miguu hajamfikiria. Nilikuwa na sentensi yote mdomoni. Nikamwuliza kama maji ni ya moto sana.

Anasema mwisho wa mwezi ataandika barua ya kuacha kazi.

Miaka nenda rudi nimelalamika kwamba vijana hatusikilizwi. Mara moja tu nimesikilizwa, na mji mzima, tena kwa jina la bandia na kwa jambo nisiloliamini. Najionea aibu. Siwezi kuipamba zaidi ya hapo.

Jumatatu, 10 Machi

Hoja ya leo: je, mitandao inawaharibu vijana? Meseji sitini na mbili. Hakukuhitajika maji.

Sina maoni.

Jumatano, 12 Machi

Naandika haraka, kuna wimbo unapigwa.

Kikao cha halmashauri cha kuamua ni kesho. Na asubuhi hii mama kaja kituoni. Hakuniambia. Nimemkuta mapokezi na sare yake nyeupe, kaipiga pasi, mkoba mapajani, kakaa wima utadhani ndiye mgonjwa. Kaomba apewe dakika tano hewani amwombe msamaha Mama Mapacha.

Mhariri alitoka ofisini anakaribia kuruka kwa furaha. Akamkaribisha, akamletea chai yeye mwenyewe, kwa mkono wake! Kisha akanivuta kwenye korido. Mama Mapacha lazima apige simu, akasema. Alie kidogo, asamehe, basi, kila mtu anaenda nyumbani na amani. Sauti ya kike, kutoka chumba cha nyuma. Nikamwambia yule ni mama yangu mzazi. Akakuna shingo. Akasema basi vizuri zaidi, utajua la kumwambia.

Nikamwambia mama ataijua sauti yangu hata nikiifunga kwenye blanketi. Akasema simu zetu ni mbovu, hakuna sauti inayotambulika. Akaangalia saa. Akanikumbusha jina langu linapelekwa tarehe ishirini.

Chumba cha nyuma hakina dirisha, ndiyo maana Mhariri kakichagua, mama asimwone anayeongea. Nimepita mlango wake. Nimekuja kwenye hiki cha meseji, chenye kioo kinachotazama studio. Simu ni hiyohiyo, laini hiyohiyo.

Fundi anamvalisha mama vifaa vya masikioni, vinamtelemka, anacheka naye. Mama anarekebisha kola. Kageuka. Kaniona — kanipungia vidole viwili, kwa siri, kama nilivyokuwa nikimpungia mimi siku za mitihani. Anadhani nimekuja kumtia moyo.

Wimbo umekwisha. Taa nyekundu.

Anasema yeye ndiye mkunga. Anasema hamkumbuki, na hilo ndilo linalomnyima usingizi, si tochi. Anamwomba amsamehe kwa kumsahau.

Kinanda anasema kwa ile sauti yake kwamba tunaye mtu muhimu kwenye laini. Taa ya simu yangu inawaka. Nimeinua simu. Mama ananitazama, bado anatabasamu.